Jamu ya mapichesi: mwongozo kwa anayeanza, kwa majiko ya nyanda za juu

Kila Januari, sado za mapichesi zikishaanza kupangwa pale Uyole, Mbeya, maswali ni yale yale. "Dada, mbona yangu imekuwa maji maji?" "Mbona imeungua na nimefuata kila kitu nilichosoma?" "Ya mwaka jana iliota ukungu hata mwezi haujaisha, nilikosea wapi?" Nimeyajibu mlangoni kwangu, nimeyajibu kwenye foleni ya maji, nimeyajibu kwenye daladala nikiwa nimepakata mtoto wa mwenzangu. Sasa nayaandika yote pamoja, ili mwenye swali asome kwa utulivu na mwenye sufuria aanze.

Kwa wengi wetu huku, iwe Mbeya, Njombe, Makete au Mufindi, mpichesi ni mti wa nyuma ya jiko. Mara nyingi hakuna aliyeupanda. Mtu alitupa kokwa, ikaota. Baridi ya Juni na Julai inayotufanya tulale na blanketi mbili ndiyo huo mti unaitaka. Unapukutisha majani, unalala, halafu baridi ikilegea unachanua maua ya waridi kwenye matawi matupu. Kufikia Desemba hadi Februari unaangusha matunda kwa kasi ambayo nyumba moja haiyawezi. Watoto wanakula mpaka wanachoka, majirani wanapelekewa, na bado yanabaki mengi yanaoza kwenye majani mabichi yakiliwa na nzi. Hilo ndilo linaloniuma. Kilo moja na nusu ya hayo ukiiokota mapema inakupa chupa nne za jamu.

Jambo moja ujue kabla ya yote

Nadharia ni hii tu. Huku juu maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100. Kila ukipanda mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari, kiwango cha kuchemka kinashuka kwa takriban nyuzi moja. Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700, maji yanachemka karibu na nyuzi 94. Njombe yanachemka chini kidogo ya hapo. Unalijua jambo hili hata kama hujawahi kulipima, maana maharage yanayoiva upesi Dar es Salaam huku yanakula mkaa mara mbili.

Maelekezo mengi ya jamu yameandikwa na watu wa maeneo ya chini, na yanasema upike hadi nyuzi 104 au 105. Hiyo ni nyuzi nne au tano juu ya kiwango cha maji yao kuchemka. Kwetu hesabu hiyo hiyo inaangukia kwenye 98 au 99. Mwaka wangu wa kwanza niliazima kipimajoto, nikasimama jikoni kuisubiri 105. Ilipofika, sufuria ilikuwa na kitu cheusi kinachonata kama pipi, na mwiko ulisimama wenyewe katikati. Kilo mbili za mapichesi na sukari yake zilipotea. Tangu siku hiyo naipima jamu kwa sahani, na wewe nakuomba ufanye hivyo.

Vitu vya kuandaa

Kwa kilo moja ya nyama ya pichesi, yaani baada ya kumenya na kutoa kokwa, utahitaji:

- sukari gramu 750, ambayo ni robo tatu ya kilo
- malimao mawili makubwa yenye maji, au matatu madogo
- chupa nne za kioo za ukubwa wa gramu 340 hivi, zenye vifuniko vya bati visivyo na kutu
- sufuria pana na nzito, ambayo mchanganyiko wote hautavuka nusu yake
- sufuria nyingine ndefu ya kuchemshia chupa
- bakuli kubwa la plastiki au la enameli
- mwiko wa mbao wenye mpini mrefu, upawa, kitambaa safi na sahani mbili

Mapichesi yetu ya kienyeji ni madogo na kokwa lake ni kubwa, kwa hiyo nunua au chuma kama kilo moja na nusu ili upate kilo moja ya nyama. Kama huna mizani, muuza duka wa jirani atakupimia. Usikadirie kwa macho mara ya kwanza, maana jamu ikikataa hutajua kama kosa lilikuwa la sukari au la moto.

Anza na kilo moja tu. Ukizoea, fika kilo mbili, usizidi hapo. Sufuria ikijaa sana maji yanachelewa kutoka, matunda yanapikwa muda mrefu, rangi inakuwa ya kahawia na ladha ya pichesi inakimbia. Mwenye ndoo nzima apike mara nne.

Kuhusu limao, naomba tuelewane. Wengi wanaliacha kwa kudhani ni la kuongeza harufu. Pichesi lina pektini kidogo, na pektini ndiyo inayoifanya jamu ishike. Uchachu wa limao unaisaidia hiyo kidogo iliyopo ifanye kazi, na unazuia jamu isiharibike. Mapichesi ya nyama nyeupe, ambayo huku ni mengi, yana uchachu mdogo kuliko ya manjano. Kwa hayo usithubutu kuliacha limao.

Hatua za kazi

1. Chagua matunda. Robo tatu yawe yameiva lakini bado yanakaza ukiyabonyeza karibu na kikonyo, na robo yawe hayajaiva sawasawa, kwa sababu yenye ubichi ubichi ndiyo yenye pektini zaidi. Yaliyoiva mpaka yanatoa maji ukiyashika, kula papo hapo. Yaliyodondoka chini unaweza kuyatumia kama umeyaokota siku hiyo hiyo na hayajapasuka. Kila moja lipasue uangalie ndani. Nzi wa matunda hutaga humo, na pichesi linaweza kuwa zuri nje huku funza wamejaa kwenye kokwa. Ukiona nyama ina vinjia vya kahawia, tupa tunda zima.

2. Menya kwa maji ya moto. Chemsha maji, kata alama ya msalaba kwenye kitako cha kila tunda, litumbukize kwa dakika moja, kisha lihamishie kwenye maji baridi. Pichesi likiwa limeiva, ganda linavuka lenyewe chini ya kidole gumba. Ule unyoya wote unaondoka nalo, na chini yake nyama inabaki laini, inateleza, ina mistari myekundu iliyonyooka kutoka kwenye kokwa kama mtu kaichora kwa wino. Mimi kazi hii naifanyia barazani asubuhi kabla mvua haijaja, na beseni miguuni, na sijawahi kuitaka iishe haraka. Matunda yenye ubichi hayatavuka ganda. Hayo menya kwa kisu.

3. Kata na utoe kokwa. Mapichesi mengi ya kwetu nyama yake imeng'ang'ania kokwa, hayapasuki katikati ukayafungua. Kata mashavu kama unavyokata embe, kisha parua yaliyobaki. Vipande viwe vidogo, kama ncha ya kidole. Kokwa usizivunje kula mbegu ya ndani, na watoto wakataze, kwa kuwa mbegu ile ikitafunwa hutoa sumu ya sayanaidi. Pima nyama sasa, baada ya kazi hii.

4. Loweka. Weka vipande kwenye bakuli, mwaga sukari yote na maji ya malimao yote, changanya, funika kwa kitambaa. Acha kwa saa nne, au usiku kucha kama ni mahali pa baridi. Sukari itayavuta maji ya tunda, na utakuta vipande vinaogelea kwenye sharubati. Usiongeze maji hata tone. Na usilowekee kwenye sufuria ya alumini, kwa sababu uchachu unaila alumini na jamu inapata ladha ya chuma. Kupikia humo kwa nusu saa hakuna neno, ila isilale humo.

5. Andaa chupa. Zioshe kwa sabuni, suuza, kisha zichemshe zikiwa zimezama kabisa. Watu wa maeneo ya chini huchemsha dakika 10. Sisi tuchemshe 15, na Njombe au Makete wachemshe 20. Ziache humo humo kwenye maji ya moto mpaka jamu iwe tayari. Vifuniko viingie dakika za mwisho tu. Chupa ya plastiki haifai hata iwe nzuri namna gani, itajikunja.

6. Yeyusha sukari. Hamishia mchanganyiko kwenye sufuria pana, moto mdogo, koroga taratibu. Isichemke kabla chembe zote za sukari hazijayeyuka. Chota kwa mwiko, utazame kwenye mwanga. Kama bado unaona punje zinametameta, subiri. Anayepika kwa mkaa afunge mlango wa jiko, au apunguze makaa. Na mlango wa nyumba uwe wazi. Najua huku kuna baridi na mvua, lakini jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa limeshaua watu.

7. Ongeza moto. Sasa fungua mlango wa jiko, moto uwe mkali kweli kweli. Kama unatumia mkaa, hakikisha umejaza wa kutosha kabla ya hatua hii, maana ukianza kuongeza katikati moto unalala na vumbi la mkaa linaruka kwenye sufuria. Jamu itapanda na povu jeupe, ndiyo sababu nikasema sufuria isivuke nusu. Koroga mpaka chini kila mara. Vaa mikono mirefu na watoto wakae mbali, kwani tone la jamu linaganda kwenye ngozi na kuendelea kuunguza.

Usiondoke. Narudia, usiondoke. Mvua ikianza kunyesha juu ya nguo ulizoanika, ziache zilowe.

Inachukua dakika 20 hadi 40, kutegemea moto wako na maji ya matunda yako, kwa hiyo saa ya ukutani haikusaidii sana. Tumia macho na masikio. Mwanzoni mapovu ni madogo, mengi, na sauti ni kama mvua ya manyunyu. Maji yanavyopungua mapovu yanakuwa makubwa na mazito, yanapasuka polepole, na sauti inashuka, inakuwa ya kubwata kama uji wa ulezi unaokaribia kuiva. Rangi inatoka kwenye manjano iliyofifia kwenda kwenye kaharabu, na pale nyekundu ya karibu na kokwa ilipokuwa nyingi inageuka kuwa kama chai ya rangi iliyokolea. Ukiinua mwiko, tone la mwisho linasita kabla ya kudondoka. Ukiona hivyo, nenda kwenye sahani.

8. Jaribu kwa sahani. Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu. Tangu mwanzo uwe umeweka sahani mbili kwenye friji. Huna friji? Zitumbukize kwenye beseni la maji ya bomba, huku kwetu ni baridi ya kutosha. Ifute moja ikauke, ipua sufuria motoni, dondosha kijiko kidogo cha jamu katikati ya sahani, hesabu taratibu mpaka 60. Halafu isukume kwa ncha ya kidole. Ngozi ya juu ikikunjamana, na njia uliyoipitisha kidole ikabaki wazi bila kujifunga, imeshika. Ikitiririka kurudi, rudisha sufuria motoni kwa dakika tatu, ujaribu tena na sahani ya pili.

Makosa ya wanaoanza ni mawili, na yote yako hapa. La kwanza ni kujaribu huku sufuria ikiendelea kuchemka motoni, na katika dakika ile moja jamu inapitiliza. La pili ni kusubiri iwe nzito ndani ya sufuria. Jamu ya moto siku zote inaonekana nyepesi. Ikiwa nzito sufuriani, kesho utaikata kwa kisu.

9. Ondoa povu kwa upawa, kisha iache itulie dakika tano. Ukimimina papo hapo, vipande vitapanda juu na chini kubaki sharubati tupu. Povu lenyewe usilitupe. Wape watoto na kipande cha mkate, hawasahau.

10. Mimina ikiwa bado ya moto. Toa chupa moja moja kutoka kwenye maji, ipange juu ya kitambaa kilichokunjwa, kamwe si juu ya sinki au saruji ya baridi, itapasuka. Jaza uache nafasi ya nusu sentimita juu. Futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi chenye unyevu, kwa sababu tone dogo la jamu pale mdomoni linazuia kifuniko kukaa vizuri. Funga kwa nguvu za vidole, si za bega.

11. Rudisha chupa kwenye maji. Tandika kitambaa chini ya sufuria ndefu, panga chupa zilizofungwa, maji ya moto yazifunike kwa vidole viwili juu, chemsha dakika 15 kwa Mbeya na Iringa, 20 kwa Njombe na Makete. Wengi wanairuka hatua hii, wakigeuza tu chupa kichwa chini. Wakati mwingine wanabahatika. Mimi siitegemei bahati kwenye chakula cha watoto.

12. Acha zipoe usiku kucha bila kuzigusa. Utasikia "tak", vifuniko vinavyovutwa ndani. Asubuhi bonyeza katikati ya kila kifuniko. Kikiwa kimezama na hakichezi, chupa imefunga. Kinachobonyea na kurudi, hiyo chupa ianze kuliwa leo. Andika tarehe, weka kabatini mbali na jua. Iliyofunga vizuri inakaa mwaka mzima.

Mambo yakienda kombo

Imebaki maji maji. Subiri kwanza siku mbili, maana jamu ya pichesi huchelewa kushika. Bado? Irudishe sufuriani na maji ya limao moja kwa kila chupa mbili, chemsha kwa moto mkali, jaribu kwa sahani, na chupa uzichemshe upya. Kama hutaki kurudia, hiyo ni sosi nzuri ya kumwagia kwenye mtindi, na mgeni hatajua kwamba ulikusudia kitu kingine.

Imekuwa ngumu. Weka chupa kwenye maji ya moto, ikilegea changanya vijiko viwili vya maji yaliyochemka. Hiyo iliwe mapema, usiiweke tena akiba.

Ina chembe za sukari. Uliiwahisha kuchemka katika hatua ya 6. Haina madhara, ni kero ya mdomoni tu.

Imeshika chini na kunuka moshi. Usikwangue! Ipua, mimina ya juu kwenye sufuria safi bila kugusa chini, onja. Ladha ya moshi ikiwa imeshaenea, hakuna dawa.

Imekuwa ya kahawia. Moto ulikuwa mdogo na ukakaa muda mrefu, au sufuria ilijaa sana. Inalika bila shaka.

Imeota ukungu. Tupa chupa nzima. Nafahamu mama zetu walitoa ule ukungu wa juu wakaendelea, lakini unachokiona juu kina mizizi chini, na baadhi ya ukungu una sumu. Sababu kwa kawaida ni moja kati ya hizi: sukari ulipunguza, mdomo wa chupa haukuwa safi, au kuna aliyeingiza kijiko chenye maji au makombo ya mkate. Hilo la mwisho ndilo kubwa kwenye nyumba yenye watoto. Chupa iliyofunguliwa iwe na kijiko chake kikavu, na itumike ndani ya wiki mbili kama huna friji. Ndiyo maana nashauri chupa ndogo.

Naweza kupunguza sukari? Ukifika gramu 500 kwa kilo bado utapata kitu kitamu, ila itakuwa laini na lazima iliwe ndani ya wiki mbili tatu, tena ikiwa kwenye friji. Akiba ya kabatini, ibaki kwenye 750.

Maganda na kokwa

Maganda uliyomenya yachemshe na maji yanayoyafunika kwa dakika 15, chuja, ongeza sukari kidogo na limao. Yenye wekundu yanatoa juisi ya rangi ya waridi ambayo mchana wa jua la Januari, kabla wingu halijashuka kutoka mlima Loleza, nitaichagua kuliko soda yoyote. Inywe siku hiyo hiyo.

Kokwa chache za mti wenye matunda matamu zikaushe kivulini, uzifukie nyuma ya nyumba kina cha vidole vinne, mahali penye jua ambapo maji hayatuami. Weka alama ya kijiti, kwa kuwa zinaweza kulala hadi baridi ipite. Miche inayotokea si lazima ifanane na mama yake, kwa hiyo fukia tano au sita. Baada ya miaka mitatu au minne utaonja, na huo mtamu kuliko yote ndio utakaouacha karibu na mlango wa jiko.